Babu Kubandikwa Stika Nyekundu: Ombi la Ukaguzi Upya

Kwako Mwalimu wa Kazi za Mikono,
Darasa la Pili.

Mheshimiwa Mwalimu,

Salamu nyingi, na pole kwa gundi. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na vidole vyako vyote vikiwa vimeachana. Mimi sijambo, ukiondoa hilo lililonifanya nishike kalamu.

KUHUSU: KUHESABIWA KWANGU MIONGONI MWA VITU VISIVYOTUMIKA NYUMBANI

Kwanza nijitambulishe, maana najua unapokea barua nyingi za wazazi wenye jazba, na sitaki uniweke kapu moja na hao. Mimi ni mkaguzi wa mizani mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nimepita duka kwa duka, bucha kwa bucha na ghala kwa ghala, nikiangalia kama mizani ya watu inasema kweli. Mizani iliyo sawa niliibandika stika ya kijani. Mizani inayoiba niliibandika stika nyekundu, na stika nyekundu ikishabandikwa haibanduliwi na mtu yeyote mpaka ukaguzi ufanyike upya. Wapo wenye maduka waliolia mbele yangu. Wapo walioniletea wazazi wao wazee waje kunisihi. Sikubandua. Nakueleza haya si kwa kujisifu, bali uelewe ni kwa nini leo mtu mzima kama mimi anatembea na stika nyekundu kifuani na hawezi kuitoa.

Aliyeibandika ni mjukuu wangu, mwanafunzi wako, ambaye humu ndani tunamwita Kiherehere. Naamini na wewe una jina lako la kumwita. Naishi kwao: yeye, mwanangu ambaye ndiye baba yake, na mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye ni nesi. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Maneno ya kazi yenyewe.

Uliwaandikia watoto: "Tafuta nyumbani kitu kisichotumika, ukifanye kiwe kitu kipya." Mwalimu, sheria niliyoifanyia kazi mimi ilikuwa na kurasa na kurasa za kueleza maana ya neno "mzigo" tu. Wewe umemkabidhi mtoto wa darasa la pili neno "kisichotumika" hivyo hivyo lilivyo, bila maelezo, bila mipaka, bila hata kutaja kwamba kitu chenyewe kisiwe kinapumua. Umelifungulia neno mlango likaingia majumbani mwa watu. Huku kwetu limeingia mpaka sebuleni na likavuta kiti.

2. Utaratibu wa ukaguzi.

Kiherehere hakubeba vitu ovyo. Hapo nampa haki yake. Alikata stika kutoka kwenye karatasi za rangi, za kijani na nyekundu, akakoroga gundi ya unga, akaizunguka nyumba chumba kwa chumba. Kila kitu alikiuliza maswali matatu, na aliyekuwepo karibu alitakiwa kukijibia. Kazi yako nini? Mara ya mwisho umeifanya lini? Ukiondoka leo, nani atakuulizia?

Utaratibu huo ni wangu. Nilimfundisha mwenyewe, siku moja ya mvua alipokosa pa kuchezea. Ndivyo nilivyokuwa nikiwanasa wenye maduka waliokuwa na mizani ya pili uvunguni mwa kaunta. Ukifika kwenye swali la tatu, na mwenye duka akakujibu harakaharaka kwamba hiyo hata ikiondoka hakuna wa kuiulizia, basi ujue hiyo ndiyo anayoibia watu. Lakini mimi nilikuwa nakagua mizani, Mwalimu! Swali la tatu sikuwahi kumuuliza binadamu.

Matokeo yalikuwa mabaya sana kwa upande wangu. Redio ilipata kijani. Kabati la mkwe wangu lilipata kijani pamoja na vyote vilivyomo, hata gauni ambalo halimwingii. Hata pasi iliyoungua, ambayo mwanangu anasema ataitengeneza tangu mtoto hajazaliwa, ilipata kijani kwa sababu mwenyewe alikuwepo kuitetea. Vitu vyangu mimi, loo! Viatu vya kazi, vyekundu. Mkoba wa kazi, mwekundu. Kofia, nyekundu. Jioni nilimlalamikia mwanangu, akaniuliza bila kuinua macho kwenye simu, "Kwani Baba ulikuwa unavivaa?" Nikaenda zangu kulala.

Viatu sasa ni mabasi mawili. Cha kushoto kinakwenda, cha kulia kinarudi, na abiria ni maharage. Mkoba umekuwa hospitali, umetobolewa madirisha. Kofia sijaambiwa itakuwa nini, ila nimeiona imelowekwa.

3. Mawe ya mizani.

Hili nalieleza taratibu. Nilikuwa na seti ya mawe ya mizani ya shaba, ndani ya kisanduku chake, niliyopewa na ofisi siku waliyoniaga. Sasa ni familia. Jiwe la kilo ndiye baba: amebandikwa nywele za sufu na masharubu. Jiwe la nusu kilo ni mama, na hereni zake ni vifungo vya shati langu la Jumapili. Vijiwe vya gramu ni watoto, wamelazwa wote kwenye kopo moja la samaki na kufunikwa soksi. Sikatai kwamba wanapendeza. Mdogo wao ana kofia ya kizibo, ukimwona utacheka.

Tatizo ni kwamba kilo yenye nywele, masharubu na gundi si kilo tena. Nimeipima. Imezidi. Maana yake ni kwamba ndani ya nyumba ya mkaguzi wa mizani, kwenye dirisha linaloonekana barabarani, kuna kilo ya uongo inayowatabasamia wapita njia. Nilimtaka Kiherehere amnyoe baba. Akaniambia baba anafuga, na kwamba mama ameridhika. Niambie, Mwalimu, hapo mtu unaanzia wapi?

4. Uzalishaji wa takataka.

Nilikuwa naamini kwamba kazi za namna hii hutumia takataka zilizopo. Kwetu takataka zimekuwa hazitoshi, kwa hiyo tunazitengeneza. Ulipotaka trei la mayai, trei letu lilikuwa limejaa. Tulikula mayai asubuhi, tukala mayai mchana, na jioni mwanangu alipouliza kuna chakula gani, Kiherehere alimjibu kwamba bado safu mbili. Ulipotaka lile bomba la karatasi ngumu linalokaa katikati ya karatasi ya chooni, karatasi yote ilifunguliwa ikazungushiwa mwiko. Sasa ukimwona mtu wa nyumba hii anaharakisha huku kashika mwiko, ujue hapiki. Ilipohitajika chupa ya sabuni ya maji, tulifua mpaka mapazia ya jirani. Mzoa taka alipita akakuta pipa letu tupu, akatuuliza kwa upole kama mambo yanatuendea vizuri.

Na mimi nilikuwa na kikohozi. Kiherehere akawa ananiletea dawa mwenyewe, na kijiko, na maji ya kushushia, ananiuliza Babu unaendeleaje, umelalaje. Machozi yalinilengalenga. Nikamwita mkwe wangu pembeni nikamwambia huyu mtoto amechukua moyo wako, atakuwa nesi tu. Kumbe kila nikishameza alikuwa anainyanyua chupa dirishani kuangalia imebaki kiasi gani. Kikohozi kilipokwisha kabla ya dawa, alininunia. Ikabidi mkwe wangu aihamishie dawa iliyobaki kwenye chupa nyingine ili amani irudi. Ile chupa ya kwanza sasa hivi ni jogoo.

5. Lalamiko la tano lilihusu furaha aliyoionyesha mkwe wangu wakati vitu vyangu vikiondoka kwenye kona ya sebule. Nimelifuta. Amepita nyuma yangu mara kadhaa tangu nianze kuandika, na chai ya humu ndani naipenda.

6. Stika.

Siku ukaguzi uliponifikia mimi tulikuwa wawili tu nyumbani, yeye na mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu. Alikuwa ameshakikagua kiti akakipa kijani, kwa sababu kinakaliwa. Halafu akanitazama mimi niliyekikalia. Nikafanya utani, nikamwambia mkaguzi mzuri haruki kitu. Laiti ningenyamaza.

Akaniuliza kazi yangu nini. Nikamjibu mimi ni mkaguzi wa mizani. Akaniuliza mara ya mwisho nimekagua lini. Nikakohoa kidogo, nikamwambia mjukuu wangu, kuna kitu kinaitwa kustaafu. Akasema hayo ni maelezo, yeye ameuliza tarehe. Maneno hayo ni yangu pia, nilikuwa nawaambia wenye maduka. Kisha akaniuliza nikiondoka leo, nani ataniulizia.

Nikasema, wewe.

Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akanikumbusha kwamba mkaguzi hahesabiwi.

Ni kweli, Mwalimu. Mkaguzi hahesabiwi, la sivyo kila mkaguzi angepitisha mizani ya shemeji yake. Nikaanza kutafuta jina jingine. Mwanangu yuko kazini mpaka jioni, na akirudi yupo lakini hayupo. Mkwe wangu ana zamu zake, na akitoka zamu amechoka kuulizia watu. Wenzangu wa ofisini wengi wametangulia, na waliobaki masikio yamekwenda, hata ukiwaulizia wewe hawasikii. Yeye akanisubiri kwa adabu, hakunikimbiza, kama nilivyomfundisha kwamba mtu apewe nafasi ya kujieleza. Nilipokosa la kusema akachovya kidole kwenye gundi, akanibandika hapa kifuani, juu kidogo ya mfuko. Imeandikwa HAKITUMIKI, kwa mwandiko wake mzuri unaomfundisha wewe. Niliumia. Nasema wazi kwamba niliumia, na kama kuna neno la kiofisi la kuliandika hili vizuri zaidi, mimi silijui.

Ningeweza kuibandua. Ni karatasi tu na unga. Lakini siku nitakayobandua stika nyekundu kwa mkono wangu bila ukaguzi upya, watu wote walionililia watakuwa wamelia bure, na kazi yangu yote niliyofanya itakuwa mchezo. Kwa hiyo nimebaki nayo. Shati halifuliki. Usiku nalitundika, asubuhi nalivaa. Nimekwenda nalo dukani, na mwenye duka, ambaye mizani yake niliwahi kuifungia wakati wa baba yake, akaisoma stika kwa sauti, neno lote, kisha akaegemea friji ya soda akacheka mpaka wateja wakaanza kujihudumia. Alinipimia sukari huku anajifuta machozi. Ilikuwa pungufu, nikanyamaza, maana mwenye stika nyekundu hana mamlaka.

7. Matumizi ya kifaa.

Nikadhani yameishia hapo. Kumbe kazi yako ina sehemu ya pili, ile ya "ukifanye kiwe kitu kipya." Tangu siku ile nimekuwa malighafi. Kiherehere akitoka shule haendi tena kwa watoto wa jirani wala haombi simu ya mtu. Anatupa begi mlangoni, ananijia moja kwa moja na mkasi. Usingizi wangu wa alasiri nimeshausahau.

Nimekuwa nguzo ya ukumbi wa maonyesho: nilinyoosha mikono, shuka likatundikwa, na nyuma yangu ukachezwa mchezo wa soksi aliyempoteza mwenzake kwenye beseni. Mchezo wenyewe hauna mwisho. Kila soksi akikaribia kupatikana, linaingia beseni jingine. Nimekuwa mti wa ndege wa karatasi, na nikakatazwa kupiga chafya kwa sababu ndege wana mayai. Nimekuwa meza, nimekuwa mlima, na alasiri moja nilikuwa sehemu ya kukaushia.

Kisha likaja suala la kinyago. Alinipaka mafuta ya mgando uso mzima, akanichomeka mirija miwili puani nipumue, akanibandika vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, akanikataza kucheka na kusema mpaka nikauke. Wakati nakauka akawa ananisimulia habari za shule, maana mtu asiyeweza kujibu anasimuliwa kila kitu. Nimejua mengi, Mwalimu. Najua ni nani anayewachukulia wenzake penseli na ni kwa nini. Najua pia siku ile uliyoingia chumba cha vifaa ukalia, ukadhani hakuna aliyekuona. Pole sana. Hayo yatabaki kwangu.

Ndipo akatokea kijana aliyerithi meza yangu ofisini. Alikuja kunisalimia na kuniuliza jambo kuhusu mizani ya malori. Akanikuta chali kwenye kochi, uso wote magazeti, mirija puani, nainua mkono kumkaribisha na sauti haitoki. Kijana wa watu akapiga magoti. Kiherehere akamwambia asimguse Babu, bado mbichi. Aliondoka bila kuaga, na kufikia kesho yake ofisi nzima ilikuwa na habari kwamba mzee anapumua kwa mirija na hatambui watu. Wakatuma kikapu cha matunda na barua ya kunitakia subira. Matunda nimeyala, kwa sababu kuyarudisha kungeleta maswali. Kikapu kimekuwa kobe.

8. Roboti.

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kwenye maonyesho ya shule yanayokuja nimepangiwa kuwa ndani ya roboti. Kiwiliwili ni boksi la friji, kichwa ni ndoo ya rangi, macho ni vizibo vya chupa, na mashine ni mimi. Kwenye kadi ya maelezo itakayotundikwa ukutani, mwanafunzi wako ameandika hivi: "Vifaa: boksi, ndoo, vizibo, babu." Nimewekwa wa mwisho, nyuma ya vizibo, na kwa herufi ndogo.

Pamoja na hayo roboti mwenyewe ana kasoro, na nisingependa zifike kwako bila maelezo. Mkono wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Nimepima. Nilimwambia Kiherehere kwamba hivi hatuwezi kusimama mbele za watu, tukaukata tukaubandika upya, sasa umekuwa mrefu kuliko wa kulia, na kazi inaendelea. Macho hayako kwenye mstari mmoja, ila hilo tumekubaliana kwamba ndivyo anavyoangalia. Kuhusu mwendo, yeye anataka roboti ageuke kushoto bila kuzungusha kichwa, na shingo yangu upande huo haina ushirikiano. Tutageuka kulia. Naomba waamuzi wajulishwe mapema wasije wakatukata alama. Sisemi haya kwa maana ya kwamba nimekubali kuwa roboti. Nasema tu kwamba kama kitu kinafanywa, kifanywe kwa kipimo.

9. Ushahidi kwamba natumika.

Ili ukaguzi upya uwe na pa kuanzia, naleta ushahidi ambao siku ile ulinipotea kwa mshtuko. Muuza gesi akija, anayefungua geti ni mimi. Taarifa ya habari naisikiliza mimi kwa niaba ya watu wote wa nyumba hii ambao hawana nafasi, na jioni niko tayari kumweleza yeyote atakayeuliza. Anapoishi fundi bomba napajua mimi peke yangu. Mvua ikitaka kunyesha na nguo ziko kwenye kamba, goti langu ndilo linalojua kwanza. Chumvi ya mboga naionja mimi. Na mchana wote nikikaa pale dirishani, wenye nia mbaya wanaona kwamba nyumba ina mtu. Kitu kinachofanya kazi zote hizi hakiwezi kuwekwa kundi moja na ndoo ya rangi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Uje wewe mwenyewe, au umtume mwenye mamlaka, ukaguzi ufanyike upya mbele ya mwanangu na mkwe wangu, na swali la tatu waulizwe wao nikiwepo nasikia. Stika nyekundu itolewe kwa mkono wako na nibandikwe ya kijani. Neno "babu" lifutwe kwenye kadi. Na kuanzia sasa maneno ya kazi unazowapa watoto yaongezewe "isipokuwa watu." Nikishapata kijani changu, sitakuwa nguzo, mti wala mlima wa mtu, na huyo roboti atafutiwe mashine nyingine. Hilo nimeliamua na silegezi kamba.

Nisalimie mwalimu mkuu na walimu wenzako wote, mlinzi wa getini, mama wa jikoni na msaidizi wake, dereva wa basi la watoto, na darasa zima la pili hata yule wa penseli, umwambie najua kwao mambo ni magumu. Mwanangu anakusalimu. Mkwe wangu anakusalimu, anasema dozi ya ile dawa ilikwisha salama. Kilo na mkewe pia hawajambo.

Wako katika vipimo vya haki,

Babu yake Kiherehere,
Mkaguzi wa Mizani (Mstaafu).

Nyongeza, baada ya sahihi:

Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Mwalimu, mambo yamebadilika. Mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa mpiga chapa wa mahakamani, asiye na mjukuu hata mmoja hapa mtaani, amekuja kibarazani kwetu na stika nyekundu kifuani. Kaibandika mwenyewe! Hajakaguliwa na mtu. Amesikia habari za roboti. Kiherehere alitoka, akamuuliza maswali yote matatu, na mzee yule akafeli moja baada ya jingine bila haya, anatabasamu tu. La tatu alisema hakuna kabla hata halijaisha kuulizwa. Na shingo yake inageuka kushoto. Kiherehere amempima mabega kwa uzi, amesema ataamua kesho akitoka shule, kwa sababu roboti ni mmoja.

Nakuomba usije kukagua. Malalamiko yangu yote, pamoja na lile nililolifuta, yachukulie kama hayajaandikwa. Geti lina kengele. Habari ziko kwenye simu za watu. Fundi bomba amehama, na goti limekosea wiki nzima. Mtoto alipima sawasawa, mimi ndiye niliyejizidishia: situmiki, Mwalimu, situmiki hata kidogo, na stika yangu ni halali. Yule mzee naye ni mtu mwema, simsemi vibaya. Kama darasani kuna mtoto asiye na babu, mpeni huyo, anaweza kuwa mti mzuri sana. Lakini asinichukulie huyu mjukuu wangu. Ukimwona asubuhi kabla hajaamua, mwambie tu kwamba Babu hana kazi yoyote, kuanzia anapotoka shule mpaka atakapochoka yeye.